Mama Tuye Alijifunza Kiarabu Juu ya Ngozi za Mbuzi

Abdinajib alikufa tarehe nne mwezi wa pili mwaka huu. Alikuwa kwa ofisi ya kichinjio, kalamu kwa mkono, akaanguka. Presha. Saa kumi jioni tulikuwa tumemaliza kuzika.

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Leo Tiya Kalicha anastaafu. Sisi wote tunamuita Mama Tuye. Amefanya kazi hapa kichinjio ya Isiolo miaka thelathini na tatu. Nimeanza na Abdinajib kwa sababu kama hangekufa, Mama Tuye angeondoka leo kama mama wa mizani tu, na wengi wenu mmekaa hapa hamngekuwa na kazi. Mimi pia singekuwa nayo.

Meneja, Bwana Abdighani, alisema mimi ndio niandike. Naitwa Akolong. Nabeba nyama kutoka ukumbi mpaka kwa lori ya barafu. Nimebeba miaka kumi na tisa. Shule niliacha darasa la nne. Mako wa mizani ndiye amepiga hii kwa kompyuta, lakini maneno ni yangu. Mako alitaka kuweka maneno mazuri mazuri. Nilikataa.

Mama Tuye ni Mborana, alizaliwa upande wa Merti. Aliingia kichinjio mwaka 1992, kuosha matumbo. Aliosha miaka kumi na moja, maji baridi, saa kumi na mbili asubuhi. Vidole vyake mpaka leo vimepinda kidogo. Hajawahi kusema ni vya matumbo. Anasema ni vya uzee.

Vile alitoka kwa matumbo ni hivi. Kulikuwa na mzee wa mizani wa zamani, alikuwa anasoma vile anapenda. Mama Tuye alikuwa anapita na karai yake, anaangalia nyama ikining'inia, anasema, "Hiyo ni kumi na mbili, sio kumi na nne." Watu wakacheka. Siku moja meneja wa wakati ule akachoka, akamuita. Akatundika mbuzi sita, akamwambia aseme kwa macho. Tano alisema sawasawa. Ya sita alikosea nusu kilo. Wakaangalia, wakapata wameacha ndoano ya pili juu ya nyama. Wakaitoa. Ikawa sawa. Siku ya pili yake alikuwa kwa mizani na karai ikapewa mtu mwingine.

Kitu ingine alileta yeye ni mkebe. Wageni mlio hapa, mjue hii. Mchungaji wa huku hataki mbuzi yake ihesabiwe kwa mdomo ikiwa bado inapumua. Borana hataki. Sisi Waturkana hatutaki. Wasomali wa zamani pia. Ukihesabu mali ya mtu kwa sauti, ukinyoosha kidole, unaita shida ije iipunguze. Ikishakufa na kutundikwa, hesabu unavyotaka. Zamani karani alikuwa anasimama kwa geti anahesabu kwa sauti, na kila wiki kulikuwa na vita. Mama Tuye akaleta mkebe wa mafuta ya kupika na kokoto. Mbuzi moja ikipita geti, anaweka kokoto moja. Hakuna mdomo. Jioni karani anahesabu kokoto. Vita iliisha, na ni yeye aliimaliza na mkebe.

Mimi binafsi nina yangu ya kusema. Mke wangu Emanikor alikufa mwaka 2021. Aliniachia wasichana watatu. Kubeba nyama najua, kusuka nywele sijui. Mama Tuye hakuniambia pole nyingi. Jumapili ya kwanza alituma Tuye, msichana wake, akaja na kitana na mafuta, akasuka wote watatu. Jumapili ya pili akaja tena. Alikuja mwaka mzima. Sikuomba. Na huo ndio mwaka watu wa kwetu na watu wa kwao hawakuwa wanasalimiana vizuri kwa barabara.

Hiyo inatosha. Sasa maneno ya Kiarabu.

Mnajua mzigo wetu mkubwa unaenda Kuwait. Mnunuzi wa kule ana daktari wake wa nyama, anaitwa Daktari Jasim. Huyu daktari haji Isiolo. Anapiga simu ya video, na anaangalia kila kitu ikifanyika, moja kwa moja. Anasema nionyeshe ini. Nionyeshe figo. Geuza hiyo. Rudi nyuma. Na anataka kujibiwa na mtu ako ndani ya ukumbi, viatu kwa damu, mtu anajua nyama. Kiingereza yake ni kidogo. Anataka Kiarabu.

Abdinajib alikuwa ameendesha lori kule Kuwait miaka kumi na mbili. Yeye ndiye alikuwa anashika simu. Alipokufa, hakuna mtu mwingine.

Kwanza tulileta ustadhi mmoja wa mjini. Kijana msafi, Kiarabu yake ni tamu kama redio. Lakini hakuwa amewahi kuona mbuzi ikiwa imefunguliwa. Daktari akauliza bandama, yeye akaonyesha pafu. Daktari akauliza tena, yeye akaonyesha ukuta. Dakika ya kumi akaomba maji, akakaa chini. Mzigo wa wiki hiyo ulikataliwa wote.

Halafu tukajaribu simu ya kutafsiri. Unaongea, inaongea. Shida ni kelele. Mbuzi zilikuwa zinalia nje, na simu ikawa inatafsiri mbuzi. Daktari alitukatia.

Mwezi wa pili ukiisha, barua ikaja. Mnunuzi alisema atatupima mara ya mwisho tarehe 22 Mei, mzigo wa Idd ya kuchinja. Tukishindwa, anaenda kwa watu wengine. Meneja akatuita wote kwa ukumbi. Akasema ukweli. Bila Kuwait, tunabaki kuchinja nyama ya mji tu. Nyama ya mji inataka watu kumi na wawili. Sisi tulikuwa sitini. Barua arobaini na nane za kuachisha watu kazi zilikuwa zimechapwa tayari, ziko kwa bahasha, zinangoja Juni. Yangu ilikuwa ndani. Nilijua kwa sababu Mako aliiona.

Ya Mama Tuye haikuwa ndani. Alikuwa amebakisha miezi tisa. Yeye angekaa tu kwa mizani, angoje siku yake, aende.

Aliinua mkono. Akasema, "Mimi nitajifunza."

Robow, mchinjaji wetu, mnamjua. Mdomo haina breki. Akasema, "Mama, Kiswahili yenyewe unapigana nayo miaka yote. Sasa unataka kuchokoza Kiarabu?"

Mama Tuye akamwangalia. "Robow, wewe umezaliwa na Kiswahili, na mpaka leo hujajua kusema pole."

Ukumbi ulicheka. Lakini hakuna mtu aliamini. Mimi sikuamini. Mama wa miaka karibu sitini, wiki kumi na mbili.

Tuye anauza simu mtaa wa Bulla Pesa. Ndiye alipata njia. Kuna mahali kwa mtandao watu wanafundishana lugha wakiongea kwa video. Hakuna kitabu, hakuna mwalimu. Nusu saa unaongea lugha ya mwenzako, nusu saa yeye anaongea yako. Tuye akaandika: mama anajua Kiswahili, anataka Kiarabu, haraka. Wa kwanza kujibu alikuwa Ruweida.

Ruweida ni Msudani. Vita ilimtoa Omdurman, akakimbilia Cairo, anakaa ghorofa ya nne. Kaka yake ako Nairobi, na Ruweida alikuwa anataka kuja kuishi naye. Ndio maana alitaka Kiswahili. Na sikiza hii. Baba yake alikuwa na bucha Omdurman. Alikua kati ya nyama. Meneja aliposikia alisema ni bahati. Mama Tuye akasema, "Hii sio bahati, Abdighani. Hii ni Mungu anafanya kazi yake."

Mahali pa kuongea ilikuwa stoo ya ngozi. Hapo ndipo kuna netiweki nzuri, na hakuna mtu anaingia bila sababu kwa harufu. Kila siku baada ya swala ya adhuhuri Mama Tuye alipanda juu ya ngozi zilizokaushwa, akaegemeza simu kwa gunia la chumvi, akapiga. Mimi stoo ile ni njia yangu. Niliona mengi.

Siku ya kwanza ilikuwa salamu tu. Nusu saa yote. Ruweida alisema hujambo, akataka kuendelea. Mama Tuye hakuendelea. Aliuliza watu wa nyumbani, akauliza majirani, akauliza amani, akauliza mvua, akauliza mifugo. Ruweida akasema hana mifugo, ako kwa ghorofa. Mama Tuye akauliza hata mbuzi moja? Hakuna. Hata kuku? Hakuna. Simu ikakatika saa imeisha. Mama Tuye akatoka stoo amehuzunika. Akaniambia, "Akolong, kuna watu wana shida hii dunia. Yule mama hana hata kuku." Akamwombea apate mbuzi.

Shida ya pili ilikuwa Kiarabu yenyewe. Mama Tuye alikuwa na yake ya chuo, ya Korani na dua. Alisoma vizuri akiwa mdogo. Sasa Ruweida akimuuliza kitu, anajibu na aya. Umelalaje? Aya. Kazi iko aje? Dua. Siku ya tatu jirani ya Ruweida akabisha mlango, akauliza ni nani amekufa, amesikia watu wanasoma. Ruweida akacheka mpaka akashika tumbo. Halafu akamwambia polepole, "Dada, Mungu amesikia. Sasa niambie mimi jana usiku ulikula nini."

Kutoka hapo aliongea vitunguu. Aliongea bei ya sukari, magoti yanauma, mkwe hapigi simu. Wiki mbili hakugusa maneno ya mnyama. Robow akawa anapita akisema, "Mama, daktari atauliza ini, wewe utampa vitunguu." Mama Tuye alikuwa anajua anafanya nini. Alisema mtu hawezi kuitwa kwa kazi kama hajakaribishwa kwa nyumba.

Halafu siku moja alichukua simu akaingia nayo ukumbini. Akatundika ini mbele ya kamera. Ruweida akasema jina. Bandama, akasema jina. Figo, mapafu, moyo. Tulisimama wote kama watoto wa nasari, tukarudia. Mpaka mimi Mturkana najua ini ni kibda. Tulipofika kwa kichwa na miguu, Ruweida akafunika uso. Akalia. Baba yake alikuwa anapika supu ya miguu kila Ijumaa. Hakuna mtu alicheka siku hiyo, hata Robow. Robow alitoa kofia.

Ramadhani ilikuwa imeanza wiki ile ile ya kwanza. Hakuacha. Kinywa imekauka, joto ya stoo, bado anapanda juu ya ngozi. Ruweida pia alikuwa amefunga. Walikuwa wanaongea juu ya vile watafungua na nini, mpaka wanajitesa wenyewe.

Wiki ya saba ikaharibika.

Ruweida alikuwa anafundisha hesabu. Moja mpaka mia. Mama Tuye aliweza. Basi Ruweida akataka azitumie. Akauliza, "Nyumbani una mbuzi ngapi?"

Mama Tuye akanyamaza. Ruweida akafikiri hajasikia. Akauliza tena, sauti juu. Mama Tuye akazima simu.

Siku nne hakupiga. Wiki tano zilikuwa zimebaki. Meneja alikuwa anatembea ofisini kama mtu amekanyaga moto. Akanituma mimi. Nikaenda kwa mizani, nikamwambia, "Mama Tuye, si ungesema tu kumi? Hakuna mtu atakuja kuangalia."

Akaweka ndoano chini. "Akolong, mtu akikuuliza watoto wako ni wangapi wamebaki, utajibu?"

Nilirudi nikamwambia meneja mimi siendi tena.

Siku ya tano Ruweida ndiye alipiga. Mimi nilikuwa napanga ngozi, nikabaki. Macho ya Ruweida ilikuwa nyekundu. Alijua amekosea, hakujua wapi. Mama Tuye hakuwa na mtu hapo wa kumsaidia. Alikuwa na maneno yake ya vitunguu na ini, basi. Akaanza kueleza. Alitumia mikono, alitumia kokoto, alisimama juu ya ngozi akafanya kama mtu anachunga. Neno likikosa, anazunguka, anatafuta ingine. Kwamba kitu Mungu amekupa haihesabiwi na mdomo ikiwa hai. Kwamba sio kuficha. Kwamba mwenye mbuzi anajua kila moja kwa rangi na kwa mama yake, na hiyo ni kujua zaidi ya hesabu. Ilichukua nusu saa ya Kiarabu, halafu akakula na nusu saa ya Kiswahili.

Ruweida akauliza, "Mbuzi zimerudi zote jioni?"

Mama Tuye akajibu, "Zimerudi."

Basi. Ndio wakawa wanaanza hivyo kila siku.

Tarehe 22 Mei, Alhamisi. Hakuna mtu alilala vizuri. Tulivaa makoti meupe mapya. Simu tuliifunga kwa ndoano ndefu ili isitetemeke. Mbuzi zilikuwa zimetoka Merti usiku na lori, na mwenyewe, Mzee Huka, alikuwa amekuja nazo na vijana wake. Mzee Huka hauzi mbuzi na simu. Anakaa kwa boma mpaka ya mwisho iingie ndani.

Saa mbili daktari akapiga. Sura kubwa, miwani, hana mchezo. Akasema salaam aleikum. Mama Tuye akajibu, halafu akaanza yake. Watu wa nyumbani? Amani? Mvua imenyesha? Mama mzazi ako na afya? Tuliona meneja anafunga macho. Daktari alikuwa amefungua mdomo aulize ini, akaufunga. Akajibu moja moja. Mwisho akauliza kitu, Mama Tuye akacheka.

"Amesema nini?" meneja akauliza.

"Anauliza mimi ni wa mtaa gani Omdurman."

Ukumbi ulilipuka. Robow alipiga makofi na kisu iko kwa mkono, tukamkaripia.

Kazi ikaanza. Ini. Figo. Geuza. Rudi. Alijibu yote, hakukimbia. Kuna ini moja ilikuwa na minyoo kidogo, kwa nyuma, mahali kamera haiangalii. Mama Tuye aliigeuza mwenyewe, akamwonyesha, akaitupa. Daktari akaandika kitu. Sisi hatukujua ni kizuri ama kibaya.

Halafu daktari akasema anataka kuona zile bado hai. Tukatoa simu kwa ndoano, tukaenda bomani. Hapo ndipo akasema neno lingine, na nikaona uso wa Mama Tuye umebadilika.

"Anataka nini?" meneja akauliza.

"Anataka nizihesabu mbele yake. Moja moja. Kwa kidole."

Mzee Huka alikuwa amesimama hapo, fimbo kwa mabega. Kiswahili anajua vizuri.

Meneja akasema, "Mama, hesabu tu. Tafadhali. Ni dakika moja." Mama Tuye hakusogea. Meneja akaona mzigo unaenda. Akanyoosha mkono juu ya boma. "Moja, mbili, tatu..."

"Abdighani," Mzee Huka akasema, "rudisha kidole yako kwa mfuko."

Meneja akaacha mkono hewani.

"Rudisha, nimesema. Ama uanze kuhesabu na watoto wako." Halafu akageukia vijana wake. "Fungueni. Mbuzi zinarudi Merti."

Mlango wa boma ukafunguliwa. Mbuzi za mbele zikaanza kutoka. Kwa simu daktari alikuwa anapiga kelele kitu. Watu sitini tumesimama, na mimi naangalia bahasha yangu inatembea na miguu minne.

Mama Tuye akageuza simu, akaweka uso wake. Akaanza kuongea. Mako alipima baadaye, ilikuwa dakika sita. Hakupandisha sauti. Sisi hatukusikia maana, lakini mimi nilijua ile mikono. Ni ile ile ya stoo ya ngozi. Alikuwa anasema yale alimwambia Ruweida, na sasa hakuwa anatafuta maneno. Yalikuwa yamekaa hapo yote, kwa sababu aliyapigania mara moja.

Mwisho akamwambia Mako, "Leta mkebe."

Akamwaga kokoto kwa meza ya mizani. Akashika simu juu yake, kamera chini. Akamwambia daktari kwa Kiarabu, na mimi akaniambia kwa Kiswahili nijue: mdomo ni yako, mawe ni yetu, hesabu.

Daktari akahesabu. Mako alikuwa anasukuma kokoto moja moja. Alifika mia moja na kumi na nane. Akaangalia karatasi yake. Karatasi ilisema mia moja na ishirini. Akatoa miwani.

Mama Tuye akaingiza mkono kwa mfuko wa koti, akatoa kokoto mbili. Akamwambia hizi ni mbuzi mbili zinachechemea, amezitoa asubuhi na kuzitenga, haziwezi kuenda kwake. Akampeleka akaziona. Zilikuwa hapo, zinakula, hazina habari.

Daktari Jasim akasema kitu kirefu, na Mama Tuye akageukia Mzee Huka, akamwambia kwa Kiborana. Mzee akasikiza. Akashusha fimbo kwa mabega. Akajibu. Mama Tuye akarudisha kwa Kiarabu. Walienda hivyo mara tatu, yeye katikati.

Daktari alikuwa amesema nyanya yake alikuwa na ngamia jangwani na hakuwahi kukubali zihesabiwe, hata na serikali. Alisema mwambie mzee mashaallah, macho yangu haina ubaya. Mzee Huka alimwombea daktari mvua. Daktari akasema kwao mvua ikinyesha barabara zinafungwa, lakini amina.

Mbuzi zikarudi bomani. Lori iliondoka saa kumi na moja, imejaa. Na kila wiki tangu siku hiyo imejaa.

Zile bahasha arobaini na nane meneja alizichoma nyuma ya kichinjio. Alituita tuone. Robow alisema yake asiichome, atamwonyesha bibi yake kwamba alikuwa karibu kupumzika. Mama Tuye alipita hapo na karai ya maji, akatuambia tukae mbali na moto na hizo makoti. Halafu Robow akamfuata mpaka kwa mizani, akasimama, akasema, "Mama, pole." Nilisikia na masikio yangu.

Ruweida naye amefika Nairobi mwezi wa tisa. Siku ya kwanza Eastleigh alienda kununua shuka. Akamsalimia mwenye duka. Akauliza watu wake, akauliza mvua kwao, akauliza mifugo. Mwenye duka akamuuliza, "Mama, wewe ni wa Isiolo ama Merti?" Leo ako hapa, benchi ya pili, amevaa kijani. Mama Tuye amempa mbuzi jike. Amesema akae nayo kwa balkoni, shauri yake.

Mambo mengine ya Mama Tuye niliambiwa niandike: hajawahi kukosa kazi bila kusema. Amefundisha watu tisa mizani. Geti yetu haijaona vita tangu alete mkebe. Amekula chakula ya mchana akiwa amesimama miaka thelathini na tatu. Ana hasira ya karibu, lakini haikai.

Anaenda kukaa Gotu, kwa mifugo yake. Ziko ngapi, msiniulize mimi, na msimuulize yeye.

Asante, Mama Tuye. Kwa niaba ya watu arobaini na nane, na wale wanakula kwa mikono yao. Kwa niaba ya wasichana wangu watatu. Uende upumzike, vidole vyako vipate jua. Mvua ikupate, maziwa yasikauke, zirudi zote jioni. Ukichoka na kimya ya Gotu, kuja utusalimie. Salamu yako tutaipatia nusu saa.

Kesho Jumamosi kuna mzigo. Daktari atapiga saa mbili. Simu atashika Mako. Amekaa juu ya zile ngozi tangu mwezi wa sita, Ruweida akimfundisha, na wiki iliyopita daktari alimuuliza kama yeye pia ni wa Omdurman. Nyama nitabeba mimi. Kesho narudi kazi.